Mwaka wa Samaki wa Mawe

Mwezi uliopita nilitoka kwenye send-off kabla mbuzi wa ndafu hajaingia ukumbini. Ilikuwa ya binti wa jirani yangu hapa Iringa, nimemfundisha mwenyewe baiolojia, na kamati ilinipa kiti kizuri karibu na feni. Waliponiona nabeba mkoba kuelekea mlangoni walidhani presha imepanda, wakanikimbilia na maji. Haikuwa presha. Kilikuwa kinyaa. Nilikuwa nimepita meza kuu kuwasalimia wazee wa upande wa bwana harusi, nikampa mkono mzee mmoja wa suti ya kijivu, “Kamwene, mzee,” naye badala ya kuitikia akaniangalia usoni, akaniangalia tena, akaangua kicheko. “Wewe si Suba? Suba wa Mbeya?” Nilimtambua kwa kile kicheko. Akamgeukia mchungaji aliyekaa pembeni yake. “Mchungaji, huyu mama nilimwajiri akiwa msichana. Hodari! Ila hasira zake, loo! Alinipotezea samaki wazuri sana huyu.” Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wake, mkono laini wenye mafuta ya nazi, na nyuma yake kwenye sahani kulikuwa na paja la kuku limeng’atwa upande mmoja. Miaka yote hiyo, na anachokumbuka ni samaki. Nilienda chooni nikanawa mkono mara mbili, kisha nikaondoka zangu.

Nilikotoka na nani alinizaa hayahusiki hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kupangiwa chuo, na Mzee Kihwele, huyo wa suti ya kijivu, alikuwa anatafuta msichana anayejua kusoma kipimajoto. Nyumba yake ilikuwa Mbeya mjini, chini ya mlima Loleza, nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma ambayo hakuna binadamu aliyelala ndani yake kwa raha. Sebule ilikuwa ya samaki. Chumba kikubwa cha kulala, cha samaki. Ukumbi ambao wenye nyumba wengine wangeweka makochi na vitambaa vya kufuma, ulijaa matangi ya vioo na mabeseni yaliyopangwa mpaka dirishani. Madirisha yalizibwa kwa magunia, na kwa kuwa baridi ya Mbeya mwezi wa sita haina mchezo, kila chumba cha samaki kilikuwa na jiko la mkaa usiku na mchana. Mimi na Mama Kissa, mpishi, tulilala stoo, kwenye sakafu ya saruji, bila jiko. Asubuhi nikifungua mlango wa sebule nilipigwa na ule mvuke: mkaa, maji yaliyolala, kinyesi cha samaki na uozo wa majani ya ziwani. Harufu ile iliingia kwenye nywele. Niliogea sabuni ya kufulia, bado nikienda kanisani watu wa benchi langu walikuwa wanasogea.

Samaki wenyewe walitoka Ziwa Nyasa, na si wale unaowajua sokoni, mbasa au mbufu au usipa wa kukaanga. Hawa hakuna aliyewahi kuwatia chunguni. Ni wadogo, wengine hawafiki urefu wa kidole, na maisha yao yote wanaishi kwenye mawe ya chini, kila mmoja na ufa wake, mlango wake, kajiwe anakokalinda kama shamba la urithi. Mvuvi mwenye nyavu anapita juu yao toka ujana mpaka uzee na hawajui. Mzee Kihwele aliwajua kwa sababu kuna watu mbali huko wanaopenda kuwaweka sebuleni. Nilipofika nilidhani kazi yangu itakuwa kubadilisha maji na kusoma kipimajoto. Ptuu! Kazi yangu ilikuwa kutapisha na kutoboa. Samaki jike wa jamii hii hubeba watoto wake mdomoni. Mayai yanaanguliwa humo humo, na mama hali kitu mpaka watoto waweze kuogelea. Basi mzee alitaka watoto wahesabike mapema. Nilimshika mama kwa kitambaa chenye maji, nikampanua taya kwa njiti ya kiberiti, nikamtikisa juu ya bakuli mpaka akawatema wote. Anakuangalia, unajua? Samaki hana kope, hawezi kufumba jicho akaacha kukuangalia. Nilikuwa nikimaliza nashindwa kunywa chai.

Na jikoni ndiko kulikokuwa kibaya zaidi. Kila Jumamosi mzee alileta moyo wa ng’ombe kutoka buchani, mbichi, mzito, damu imeganda ndani ya vile vyumba vyake, na Mama Kissa aliukata, akausaga, akachanganya na usipa uliotwangwa na viini vya mayai. Chakula cha samaki hicho. Sisi tulikula ugali na maharage yenye wadudu, yaliyochambuliwa kwenye meza ile ile, na kisu kilikuwa kimoja. Mama Kissa, mjane wa Tukuyu, mwanamke mwenye ulimi, hakuacha kusema. “Mwe! Nimezeeka kumpikia samaki moyo,” alikuwa ananiambia akipangusa kisu kwenye kanga yake. “Mwanangu, umeshawahi kusikia samaki anakula ng’ombe?” Siku moja alikaanga kipande kidogo cha moyo ule akatupa sisi tuliokuwepo. Mzee aliingia akanusa, hakugomba. Alitoa tu kitambaa akafunika pua na kusema, kwa upole kabisa, kwamba safari ijayo atawapimia samaki wake mwenyewe. Upole ule ndio ulionitia kichefuchefu kuliko matusi. Mtu anayekutukana anajua upo.

Furaha ya nyumba ile ilikuwa siku Anyosisye akija. Anyosisye ndiye aliyekuwa anazama ziwani kuwanasa. Alikuwa kijana wa ziwani, upande wa Matema, umri wangu au kanizidi kidogo, mrefu, winga wa kushoto wa timu ya kijijini kwao ambaye hata akipita jikoni alikuwa anapiga chenga viti. Alikuja na gari la mzigo, akakaa siku moja mbili, akala chakula cha watu watatu. Ndiye aliyenifanya niwaone wale samaki si kama mzigo. “Dada Suba, chini kule kuna mitaa,” alisema, huku anamenya ndizi alizotuletea. “Kwenye mchanga wanakaa wengine, kwenye mawe wengine, hawaingiliani. Na mbele ya kijiji cha wafinyanzi kuna mtaa wa vyungu.” Alitueleza kwamba kina mama wafinyanzi wa Ikombe, chungu kikipasuka motoni, hawakiachi uwanjani, hukirudisha ziwani. Wamefanya hivyo toka bibi zao, hata chini pamejaa vigae na shingo za vyungu, na kila shingo ina mwenyewe ndani. “Ukipita, anatoa kichwa. Kama anakuuliza, we unatafuta nani?” Tulicheka. Kesho yake mzee, aliyekuwa anasikiliza kutoka varandani, alimwagiza alete samaki pamoja na vyungu vyao. Vilikuja gunia zima, vimejaa utelezi wa kijani, vikarundikwa uani na kuoza mpaka nzi wakahamia kwetu. Ndivyo alivyokuwa Mzee Kihwele. Kitu ukikipenda mbele yake umekiuza.

Sasa nieleze juu ya vituo, kwa sababu kila kitu kimesimama hapo. Samaki anayeishi chini sana ana kifuko cha hewa tumboni. Ukimpandisha ghafla kile kifuko kinavimba, macho yanamtoka, utumbo unachungulia mdomoni. Kwa hiyo Anyosisye, akishawanasa, aliwaweka kwenye kikapu cha wavu chenye mfuniko, akakifunga kwenye kamba, akakipandisha sehemu ya njia tu, akakiacha kinaning’inia majini ili wazoee. Kesho yake akakisogeza tena juu. Kila mahali pa kupumzika tulipaita kituo. Walioharakishwa njiani waliletwa kwangu wamevimba kama maputo, nami niliwatoboa ubavuni kwa sindano ya hospitali, hewa ikatoka na kisauti kidogo. Wengi walikufa mkononi. Mzee alikuwa mkali mno kwa hilo. “Kituo kwa kituo!” alikuwa anamwambia Anyosisye, kidole juu. “Samaki si gunia la viazi. Umharakishe umwue?” Na Anyosisye mwenyewe? Alizama na mpira mrefu mdomoni, unaoletewa hewa na kompresa ya kujazia matairi iliyowekwa kwenye boti. Hewa ina ladha ya oili, alisema, ukirudi juu unacheua petroli. Kamba ya kiunoni ikivutwa mara tatu maana yake panda, naye alipanda moja kwa moja, hata mara nyingi kwa siku. Magoti yalikuwa yanamuuma jioni. Alisema ni mpira wa miguu.

Siku moja alikuja mnunuzi kutoka Dar kuangalia mzigo. Chumba cha mzee na chumba cha samaki vilitenganishwa na ukuta wa mbao, nami nilikuwa upande wa pili nabadilisha maji, mikono imekufa ganzi. Nikamsikia mgeni anauliza, “Na vijana wako, nao wanapanda kwa vituo?” Mzee akacheka. Mgeni akasema yeye aliambiwa kwamba hata mtu akitoka kina kirefu lazima apumzike njiani, la sivyo hewa inafanya mapovu ndani ya damu, mtu anapooza. Nilisimama na ndoo mkononi. Nikamsikia mzee, sauti ile ile ya upole: “Najua. Nami niliambiwa. Lakini hawa wamezaliwa majini, bwana. Ukianza kuwaambia mambo hayo watakuwa waoga, na mzigo utachelewa ndege.” Halafu wakaendelea kuzungumzia mifuko ya nailoni ya kusafirishia samaki.

Nilimwambia Anyosisye jioni ile ile, pale pale jikoni, neno kwa neno. Alitafuna kwanza. “Basi tumwulize mwenyewe,” akasema, maana alikuwa hivyo, hana kona. Mgeni alikuwa ameshaondoka, na mzee siku hiyo aliamua kula na sisi, wali wa Kyela na maharage, akiwa kwenye furaha. Anyosisye akamwuliza kama ni kweli kwamba mtu naye anatakiwa kupanda kwa vituo. Mzee aliweka kijiko chini. “Anyosisye, we una kifuko cha hewa tumboni?” “Sina, mzee.” “Samaki anacho?” “Anacho.” “Sasa unajitafutia ugonjwa wa nini?” Dereva wa gari la mzigo akacheka, Mama Kissa naye akaguna kicheko, na Anyosisye akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nikasema, “Mzee, mbona nilikusikia ukimwambia mgeni unajua?” Hakukasirika hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. “Mgeni alizungumzia wale wenye mitungi mgongoni, Suba. Hewa ya kwenye chuma, imesindikwa. Huyu anavuta hewa hii hii ya Mungu, inatoka juu, inapita kwenye mpira. Hewa ni ile ile.” Ilisikika sawa! Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote na bado nakiri ilisikika sawa mezani pale, kwa watu walioshiba. Anyosisye akanipiga begani. “Dada Suba, mimi si samaki, bwana.” Wakaendelea kula. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwa Mzee Kihwele ilikuwa kinyume, na tulikuwa tunakula naye sahani moja.

Mwezi wa sita iliingia oda ya samaki ambaye Anyosisye alimwita Mwali, kwa sababu hatoki ndani. Alikuwa mweusi mwenye ukingo wa samawati kwenye mapezi, anakaa kwenye nyufa za mawe ya chini kabisa, mbele ya mtaa wa vyungu, mahali ambapo hata mchana ni giza. Mzee alishuka mwenyewe ziwani kusimamia. Habari ya siku ile niliipata kwa dereva na kwa Anyosisye mwenyewe. Alizama asubuhi, akazama tena, na tena, kila mara akirudi na wawili watatu, akawaweka kwenye kikapu na kukipandisha kwa vituo vyake kama alivyoamriwa. Mara ya mwisho alikuwa bado chini, kichwa ndani ya ufa, mzee alipoangalia saa. Mzigo mwingine, uliokwisha kumaliza vituo na kufika ufukweni, ulitakiwa Mbeya jioni. Akavuta kamba mara tatu. Anyosisye akapanda kama risasi. Alipanda botini akiwa anacheka, akaomba ndizi, na kabla hajaimaliza akasema ngozi inamwasha. Kisha miguu ikawa mizito. Kisha hakuisikia tena. Wakampakia nyuma ya pick-up, katikati ya mifuko ya samaki, juu ya turubai lenye maji. Walipita hospitali mbili njiani. Dereva aliniapia kwamba kila mara alipunguza mwendo, na kila mara mzee alisema, “Twende, oksijeni ya mifuko inaisha.”

Walifika jua linazama. Nilisikia honi, nikafungua geti, kama siku zote nikaenda nyuma kupokea mifuko, na kumbe mfuko wa kwanza umeegemea kifua cha mtu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alikuwa amejikojolea na hajui. “Dada Suba,” alisema, “nishike mguu, niambie kama upo.” Niliushika. Nikamwambia nimeushika. Akasema, “Bado hujashika.” Nyuma yangu mzee alikuwa ameshashuka, anapiga makofi. “Haya, haya, shusha! Samaki kwanza, wameteseka sana hawa. Tukimaliza tutampeleka.” Samaki kwanza. Nimelisikia neno lile kwenye meza kuu ya send-off, nimelisikia kwenye vikao vya shule, nalisikia nikioga. Nilijaa kinyaa mpaka mate yakanijaa mdomoni. Nilitazama uso wake nikaona hana hata ubaya usoni, ana wasiwasi tu, wasiwasi wa kweli, na wote ulikuwa wa mifuko.

Niliingia jikoni nikarudi na kisu cha moyo, nikapanda kwenye pick-up, nikapasua mfuko wa kwanza. Maji yakamwagika, samaki wakaanza kurukaruka kwenye bati. Mzee akapiga kelele niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, kelele ya mtu aliyefiwa. “Wewe mwendawazimu!” Nikapasua wa pili. “Kila neno utakalosema zaidi ya hospitali, mfuko mmoja,” nikamwambia. Mama Kissa alikuwa ameshatoka, akaenda kusimama getini, mikono kiunoni, akaanza kupiga yowe la msiba, lile la kwetu hasa, majirani wakachungulia juu ya michongoma. Mzee akafungua mdomo. Nikapasua wa tatu. Hapo ndipo alipomwambia dereva awashe gari, na aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi kwa macho ya kuumia, kama aliyeonewa. Nilikaa nyuma na kichwa cha Anyosisye mapajani mpaka hospitali. Samaki walikuwa wanapigapiga mikia kwenye miguu yake, na yeye hakuwasikia.

Daktari aliuliza swali moja tu la maana: alipanda haraka? Nilipomjibu aliinamisha kichwa. Alisema mapema kidogo, na oksijeni, huenda wangejaribu kitu. Mzee hakuwa hapo, alikuwa amerudi kuokoa waliobaki. Kazi iliisha siku hiyo, sikurudi hata kuchukua sanduku. Mama Kissa aliniletea, akaacha kazi naye, akawa anapika uji kwa dada yake na kuuleta wodini. Anyosisye yupo hadi leo. Anakaa Kyela, anatengeneza redio na simu kwenye kibanda chake, ana mke mwenye maneno na kiti cha matairi matatu cha kuendesha kwa mikono. Tukipigiana simu tunazungumza mpira. Nimewahi kuulizwa na wanafunzi kwa nini sijawahi kuweka tangi la samaki kwenye maabara yangu, na shule nyingine zinalo. Niliwaambia sipendi harufu. Nilipotoka ukumbini mwezi uliopita nilitaka kumpigia Anyosisye nimweleze nimemshika nani mkono, nikaghairi. Kwa nini nimtie uchafu masikioni?

Nililotaka kulieleza ni hili moja. Tulipokuwa wodini muda mrefu kidogo, madaktari wameshaacha kumgonga magoti, Mzee Kihwele alikuja. Alivaa shati safi. Alileta machungwa kwenye mfuko wa nailoni, akayaweka kitandani, juu ya miguu kabisa, akavuta stuli akakaa. Alisema pole. Alisema mapenzi ya Mungu hayapingwi. Kisha akainama karibu, akashusha sauti, na mimi nikajua, Mungu anisamehe, nilijua kabla hajasema. “Kijana wangu, wale Mwali. Kikapu. Umekiacha wapi? Vijana wengine wameshindwa kuiona kamba.” Nilisimama. Anyosisye akanigusa mkono nisiseme kitu. Alikuwa amekonda, macho makubwa, na alimtazama mzee muda mrefu, hasira hamna, kama anayemtafuta mtu kwenye ufa wa jiwe. Halafu akamweleza: kuanzia kwenye vyungu uelekee jiwe lililopasuka, kamba imefungwa upande wa kivuli. Alimweleza vizuri, bila kuficha kitu.

“Wako kituo cha pili, mzee,” akasema. “Wapandishe polepole. Ukiwaharakisha wataumia.”

Mzee alimshukuru kwa moyo wote. Alimshika mkono, akamwombea baraka, akatoka karibu anakimbia. Baadaye dereva alituambia kwamba alikaa ziwani mwenyewe kusimamia, kituo kwa kituo, akiwakemea vijana kila walipovuta kamba kwa nguvu, na kwamba katika Mwali wale hakufa hata mmoja.